Beti ya Mwisho ya Wimbo wa Pera

Berea, Johannesburg
12 Mei 2015

ISOMWE UANI, MBELE YA WOTE

Mpwa wangu Carmel,

Kabla hujaanza, hakikisha Mama amekaa, tena kwenye kiti chenye mgongo, maana habari hizi si za kusikilizwa mtu amesimama. Hakikisha mke wangu Agnès yupo. Majirani wakitaka kuegemea ukuta, waegemee.

Nimeupata uamuzi wenu. Mama amesema hataki tena kunisikia kwa simu, na Agnès naye vilevile. Eti tangu siku ile ya 2013 niliposema niko mpakani Kasumbalesa, nimebakiza saa tatu tu kufika Likasi, mkachinja kuku watatu na mimi nisionekane, kila nitakachosema nikiandike kwenye karatasi ili mwandiko wangu unishike. Sawa. Siku ile nilikuwa njiani kweli, ila basi letu lilizuiwa na tembo. Tembo kumi na wanane. Dereva angeweza kushuhudia, bahati mbaya alishafariki.

Sasa habari za kazi. Studio yangu ya muziki iko Sandton, ghorofa ya ishirini na sita. Lifti inapanda kwa kasi mpaka tumbo linafika baada yako. Wazungu wenye magari marefu wananingoja mimi. Nisipoinua mkono, hakuna anayesogea. Mwezi uliopita, wahuni walipokuja mitaa yetu kufukuza wageni, nilisimama mlangoni peke yangu nikakohoa mara moja. Wakarudi walikotoka.

Katikati ya shughuli hizo nimemtungia Agnès wimbo. Ulinijia kwenye robot, ndivyo wanavyoziita hapa zile taa za barabarani, nikingoja nyekundu iwe kijani:

Pera moja nimeliacha tawini,
watoto wasilichume, ndege wasilidonoe;
ni la yule anayechelewa,
yuaja, viatu vyake nimevisikia.

Sauti nimeiandika kwa solfa, kama tulivyofundishwa misheni kabla sijaacha shule. Wewe ni mwalimu wa kwaya, utaelewa. Pale kwenye "anayechelewa" sauti ipande, halafu uiache ikae hewani.

d : d . r | m : — | s : l . s | m : — |

Barua anabeba Marcelline, anayesuka nywele hapa Berea na kupeleka mawigi Lubumbashi kila baada ya miezi michache. Mpeni chai.

Mjomba wako,
Théodore Kibambe, Mkurugenzi


Likasi
9 Agosti 2015

Mjomba,

Sisi wazima. Marcelline alikunywa chai vikombe vitatu. Bibi ameniagiza nikuulize wale tembo walikuwa wanakwenda wapi, na kama nao walikuwa na wake waliowaacha. Akaongeza: "Mwambie safari hii asituletee wanyama."

Kuhusu wimbo. Niliuimba uani kama ulivyoagiza. Mama Agnès alikuwa anatwanga majani ya sombe. Nilipofika kwenye "anayechelewa" mchi ukasimama juu, hakuushusha. Akasema, "Rudia." Nikarudia mara tatu. Unajua mwenyewe mkeo si mtu wa machozi. Alinyanyuka akaenda kuosha uso, akasema ni moshi. Hatukuwa tumewasha moto.

Kesho yake watoto walikuwa juu ya mti wa mapera nyuma ya jiko. Akawaambia wachume yote wabakize moja, lile la tawi la juu. Bado liko pale. Jirani wanapita wanacheka: "Mama Agnès, mume wako keshaiva!" Anacheka nao.

Mjomba, kuna jambo. Unamkumbuka François, fundi wa reli, aliyefiwa na mke? Ndiye aliyetuezekea paa mvua zilipoling'oa. Mwezi wa sita alikuja kwa Bibi, akakaa kofia iko magotini, akauliza kwa heshima kama familia inamhesabu Mama Agnès kuwa mke wa mtu au vipi, maana umeondoka tangu 2006. Bibi akamjibu amuulize mwenyewe. Mwenyewe akasema, "Ngoja kwanza nisikie Johannesburg wanasemaje." Hiyo ilikuwa kabla ya wimbo.

Mwaka huu ametimiza arobaini na mmoja. Tuambie moja kwa moja: unarudi, au unamwita huko?

Carmel


Berea, Johannesburg
22 Novemba 2015

ISOMWE UANI

Carmel, mpwa wangu,

Nani huyo François? Yule aliyekuwa anagonga vyuma kituoni mpaka anaongea kama anagonga chuma? Mwambieni aendelee na mabehewa. Mimi juzi nimepanda treni ya haraka ya huku, dereva wake ananijua kwa jina, alisimamisha treni katikati ya njia ili anisalimie. Abiria mia tisa wakapiga makofi.

Umeuliza kama narudi. Swali gani hilo? Pasaka nitakuwa hapo. Chumba changu kisafishwe. Mwandiko ukiuona umepinda, ni baridi ya mashine ya hewa humu ofisini.

Kwa Agnès, wimbo wa pili. Umenitoka wenyewe, kama chafya:

Mwavuli mmoja, mabega manne;
langu la nje na lilowe.
Nikifika nyumbani nimelowa upande mmoja tu,
watajua nilitembea na nani.

Uimbe mtu asiwe anatwanga.

Mjomba wako,
Théodore


Likasi
14 Machi 2016

Mjomba mpendwa,

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu Marcelline yuko Lubumbashi siku mbili tu.

Mama Agnès amemkataa François. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, uani, tukiwa wote. Alimwambia: "Wewe ni mtu mzuri, hata mama yako aliyekuzaa najua alishangaa. Lakini kuna mtu huko mbali anakubali bega lake lilowe kwa ajili yangu. Mtu anayewaza hivyo siwezi kumgeuzia mgongo." François akasema amesikia. Alikuwa ameanza kutengeneza bawaba za mlango wa Bibi. Akamaliza bawaba, akavaa kofia, akatuaga mmoja mmoja. Bibi alikaa palepale mpaka jua likazama. Halafu akasema, "Théodore afike kweli."

Na habari njema. Wimbo wa pera nimeuweka kwenye kwaya ya vijana. Nilibadilisha kidogo tu: anayechelewa ni mwenye dhambi, na anayemwekea pera ni Mwokozi. Tumeuimba kwenye mashindano Lubumbashi tukawa wa kwanza! Kwenye karatasi ya waamuzi niliandika kwa herufi kubwa: MTUNZI, THÉODORE KIBAMBE WA JOHANNESBURG. Paroko ananiita "mpwa wa mtunzi". Mtu wa redio anataka kukuhoji ukifika.

Mama Agnès amepaka chumba chako chokaa mwenyewe, mpaka nyuma ya kabati ambako hakuna anayeona.

Tunakungoja Pasaka.

Carmel


Berea, Johannesburg
2 Mei 2016

USOME PEKE YAKO. FUNGA MLANGO.

Carmel,

Pasaka imepita na mimi niko hapahapa. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu ya mafuriko na daraja lililobebwa na maji. Nimeuchana. Nikaandika mwingine juu ya waziri aliyenizuia. Nao nimeuchana. Huu ni wa tatu.

Sina studio. Sandton naijua kwa kupita. Mimi ni mlinzi wa geti, Randburg, kwenye nyumba za kupanga zilizozungushiwa ukuta mmoja. Gari likija nainua mkono, ile boriti ya geti inapanda, gari linapita. Hao ndio wazungu wanaoningoja. Hapa Berea tunaishi watu saba kwenye vyumba viwili. Wale wahuni walipokuja mwaka jana nilikuwa bafuni na Wamalawi wawili, tumekaa kwenye beseni la kuogea tumezima taa, na mtu aliyekohoa alizibwa mdomo.

Na nyimbo si zangu.

Pembeni ya kibanda changu kuna dirisha la bibi mmoja Mjapani. Mwanawe aliletwa huku na kampuni ya magari. Wazulu hapa humwita bibi yeyote gogo, basi naye tunamwita Gogo Sumiko. Kila siku asubuhi anafungua dirisha anaweka santuri zake, na zote ni za mtu mmoja: mzee Isamu Hoshinaga. Anatunga mwenyewe, anaimba mwenyewe, umri umepita sabini, na kila mwaka anatangaza kwamba anastaafu, halafu anarudi jukwaani. Kwao hakuna asiyezijua nyimbo zake. Wanaziimba harusini, kazini, kwenye treni za kurudi nyumbani. Nyimbo za mapenzi tu, lakini hana kupiga kelele. Anaimba kama mtu anayeongea na mkewe huku anavua viatu.

Nilizishika sauti kwa sikio. Hilo ndilo jambo moja najua kufanya. Siku moja Gogo akanisikia napiga mluzi, akatoka nje na kiti. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi, tukaelewana vizuri sana. Alichora mwavuli kwenye vumbi kwa kidole, akaninyooshea bega lipi linalowa. Tunda la wimbo wa kwanza ni la kwao, wanaliita kaki, na kuna desturi huko ya kubakiza moja juu ya mti. Mimi nikatoa kaki nikaweka pera. Nikatoa theluji. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, Carmel, kutoa theluji.

Na kuna kibaya zaidi. Gogo aliniuliza kama mke wangu anazipenda nyimbo za Hoshinaga. Nikasema anazipenda mno, anamwombea mzee huyo kila Jumapili kwa jina. Bibi wa watu alisimama, akainama mbele yangu mpaka kiunoni. Mbele ya geti! Watu wanapita! Nimemwibia, na yeye ananiinamia.

Tangu nipate barua yako nakula nusu sahani. Sikujua. Nilidhani natuma wimbo, mke wangu atabasamu, basi. Sikujua kwamba kuna mtu ataondoka na kofia yake.

Karatasi ya pili, iliyokunjwa ndani ya hii, ni ya Agnès. Nimeeleza yote haya kwa ufupi. Msomee. Kama angejua kusoma nisingekubebesha.

Théodore


Likasi
20 Julai 2016

Mjomba,

Nimepata barua zote mbili. Karatasi ya pili nimesoma. Mama Agnès alikuwepo, alisikiliza hadi mwisho. Ametulia. Anakusalimu.

Kwaya inaalikwa Kolwezi mwezi wa tisa.

Nafikiri usiandike kwa sasa. Mambo yatajipanga yenyewe.

Carmel


Berea, Johannesburg
17 Februari 2017

Kwa Bwana François, fundi wa reli, Likasi

Ndugu,

Hunidai salamu, nami sikuombi chai. Mimi ni Théodore Kibambe, mume wa Agnès kwa jina.

Marcelline amerudi juzi. Alikuwepo siku ile barua yangu iliposomwa. Nikamuuliza, kwa kujikaza: Agnès alilia? Alinitukana? Marcelline akanitazama kama nimeota pembe. "Kulia kwa nini? Carmel alisoma vizuri, eti unapewa tuzo huko, ndiyo maana umechelewa. Tulipiga makofi wote. Mke wako ndiye alianzisha vigelegele."

Nikakaa chini kwenye ngazi. Niliandika maneno ya kunishusha, yakasomwa ya kunipandisha. Simlaumu mtoto. Nilimpandisha jukwaani kwa jina langu, ningetaka ashukeje? Nani alimfundisha kusoma kisichoandikwa, kama si mimi na tembo wangu?

Basi nimetafuta Likasi nzima mtu asiye na sababu ya kuniremba. Nimekupata wewe. Usidhani nimekupenda. Nilikuwa nimesema unaongea kama unagonga chuma, na ilisomwa uani, nadhani ilikufikia. Sasa ndivyo ninavyotaka asomewe. Gonga tu.

Mwambie: mimi ni mlinzi wa geti. Niliondoka kurekodi sahani ya muziki, nikaahidi mwaka mmoja, na mwaka ulipoisha sikuwa na sahani wala viatu vya kurudia. Nikasema nitarudi nikiwa mtu. Kila mwaka uwongo ulikuwa umerefuka, na mimi nilikuwa mfupi vilevile. Ile siku ya kuku watatu nilikuwa Johannesburg, kituo cha basi, tiketi mkononi. Nilivaa suti ya kuazima. Nikajiona kwenye kioo cha dirisha la basi. Nikashuka, nikarudi Berea, nikapiga ile simu ya mpakani, kisha nikaizima.

Mwambie nyimbo ni za mzee wa Kijapani, Isamu Hoshinaga. Carmel anayo maelezo, amuulize.

Na wimbo wa pera una beti ya mwisho ambayo sikuituma. Gogo Sumiko, bibi aliyenifundisha, aliifafanua siku ileile ya kwanza, nikaelewa vizuri sana, nikaikunja. Alisema Wajapani wote wakifika hapo wananyamaza, hata walevi. Gogo amerudi kwao tangu Desemba. Nilimbebea sanduku hadi kwenye gari, akaniachia picha ya mzee akiwa na gitaa, iliyoandikwa nyuma kwa ajili ya mke wangu. Sikuwa na mdomo wa kumwambia ukweli. Picha naifunga humu. Beti ni hii:

Tunda lile limeanguka lenyewe jana;
viatu ulivyovisikia vilikuwa vya jirani.
Usiache tena kitu tawini kwa ajili yangu.
Chuma, ule. Mti ni wako.

Niliijua tangu mwanzo, ndugu. Kila mara Carmel anaimba "yuaja", mimi nilikuwa najua wimbo unaishia wapi.

Msomee akiwa ameketi.

Théodore Kibambe


Likasi
30 Aprili 2017

Ndugu Théodore,

Barua ilinifikia mwezi uliopita. Sikuisoma kwa Mama Agnès mara moja. Nilifikiri: mtu aliyekataliwa anakuja na karatasi inayomchafua aliyepewa nafasi, nani atamwamini? Hata mimi nisingejiamini.

Nilikwenda kwanza kwa Carmel. Nilimwonyesha. Alilia, kisha akasema hawezi kusoma, ila atakaa pembeni ili aulizwe kama ni kweli. Basi tulikwenda wawili. Nilisoma. Carmel alipoulizwa, alijibu ni kweli. Kisha akamwambia mwenyewe kuhusu ile barua aliyoigeuza.

Mama Agnès aliitaka beti ya mwisho tena. Carmel akajaribu kuiimba kwa sauti ya wimbo, ikamkatika. Mama Agnès alisema twende zetu.

Kesho yake alikuja karakana. Alisimama penye kelele, akaniambia zima mashine, chukua kalamu. Yafuatayo ni yake. Alinikataza kuyanyoosha.

"Théodore. Nimesikia. Kulinda geti si aibu. Kaka zangu wawili wanalinda maghala na wanalala usingizi. Ungeniambia ule mwaka wa kwanza, ningekuja huko nikakaa na mlinzi. Tungekuwa wanane kwenye vile vyumba viwili, ningekupikia bukari ukitoka kazini, ungenilalamikia miguu. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, ningeweza. Hukunipa nafasi ya kukukubali. Ulinipa bosi wa studio nimngoje. Huyo bosi hata simlilii, simjui. Nawalilia nyinyi wawili mliokuwa mnanisomea, mkikubaliana bila hata kukutana kwamba Agnès hataweza kubeba ukweli.

"Picha ya mzee nimeipokea. Ana macho ya mtu aliyefiwa. Nyimbo zake nilizipenda na nitazipenda, sitaziacha kwa sababu zilipitia kwako. Lakini sikiliza: yote uliyonitumia yalikuwa ya kunishika. Hii beti ya mwisho ndiyo ya kwanza iliyonifungua.

"Sasa nataka kitu kimoja. Baba zangu wadogo hawawezi kukaa na mtu yeyote kuzungumza posa yangu kabla hujaandika barua ya kuniachia. Iandike. Isomwe uani, mbele ya Mama yako na jirani wote. Nilipigiwa vigelegele uani, sitaachwa chumbani. Na useme sababu. Ukiandika tu kwamba tumeachana, Likasi nzima watasema mimi ndiye nilishindwa kungoja mtu mkubwa."

Hapo aliniambia niwashe mashine, akaenda. Mimi sijamuuliza kitu. Nitakapouliza, nitamuuliza yeye, si wewe.

François


Likasi
8 Januari 2018

Mjomba,

Miezi minane. Marcelline amekuja na kurudi mara mbili mikono mitupu. Anasema ukimwona unavuka barabara.

Watu wanaanza kusema. Kwenye bomba la maji wanamwambia Mama Agnès mume wake mtunzi atamlaani. Mtu mmoja alimuuliza François kama haoni haya kumvizia mke wa mtu anayepewa tuzo ughaibuni. Hiyo tuzo ni mimi niliyeitunga, Mjomba, kwa mdomo wangu, na sasa inatembea yenyewe mjini inauma watu.

Basi Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya kwaya na paroko. Nikasema wimbo si wa mjomba wangu, nikataja mwenyewe ni nani. Nikasema pia kwamba ni wimbo wa mume na mke, mimi ndiye niliyemtia Mwokozi. Sauti za kwanza walicheka. Sauti za pili walinuna. Paroko alivua miwani, akaifuta, akavaa, akavua tena. Ilichukua muda wa nyimbo mbili. Nilidhani nitaanguka, nilirudi nyumbani nikala. Tumerudisha kikombe cha mashindano. Wimbo tunauimba bado, lakini kwenye harusi tu, na maneno yake yenyewe.

Bibi anasema: "Mwambie sijakasirika kwamba analinda geti. Nimekasirika kwamba alinifanya nijisifu."

Andika, Mjomba. Nitaisoma kama ilivyo. Naapa.

Carmel


Berea, Johannesburg
11 Februari 2018

ISOMWE UANI, MBELE YA MAMA YANGU, BABA WADOGO WA AGNÈS, NA JIRANI WOTE

Kwenu nyote,

Carmel, usiruke mstari. Wakicheka, ngoja wamalize kucheka, halafu endelea. Nimeianza barua hii mara kumi na nne. Hapana, mara tano. Mara tano zatosha.

Mimi Théodore Kibambe, niliyemwoa Agnès kwa mila mwaka 1998, naandika haya nikiwa na akili zangu, na Marcelline ameshuhudia.

Sina studio. Sijawahi kuwa nayo. Nalinda geti la nyumba za watu Randburg, mwaka wa kumi sasa, na huko watu wananisalimia vizuri. Sijapewa tuzo. Sijui waziri yeyote. Mama, tembo hawakuwepo. Kuku wale watatu mliwachinjia mtu ambaye alikuwa amekaa kitandani Berea, amezima simu, anasikiliza majirani wakigombana.

Nyimbo mlizozisikia uani hapo ni za Isamu Hoshinaga wa Japani. Yeye alizitunga, watu wake wanamjua, na mimi nilikuwa napita chini ya dirisha.

Agnès hakukosa lolote. Msimtafutie kosa, mtapoteza muda. Alikaa na mama yangu mzazi, akamtunza kuliko nilivyomtunza mimi. Alitongozwa na mtu mwema akamkataa kwa ajili yangu, na mimi nilijua, na bado nikachelewa kusema. Hata barua hii nimeichelewesha miezi tisa, nikaogopa nyuso zenu wakati hamnioni. Anayemsema bombani, aje aniseme mimi. Jina langu liko chini, na anuani Marcelline anayo.

Baba wadogo wa Agnès, msinirudishie chochote cha mahari. Namwachia kuanzia leo. Akae na amtakaye, au asikae na mtu, ni juu yake.

Mlikuwa mkiniita mtunzi. Katika nyimbo zile sikutunga hata mstari mmoja. Nilichotunga mimi ni mtu mmoja tu, yule aliyekuwa anakuja. Agnès amemngoja miaka kumi na miwili. Mwambieni hayupo.

Théodore Kibambe

Shahidi: Marcelline. Nimemwona akiandika, sijamsaidia neno.